KIDONGE KIMOJA, DAWA MBILI NDANI

(Maneno yaliyosemwa na mjumbe wa kamati katika mkutano wa wanachama, Kiwayu)



Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya dawa za presha. Mimi si daktari. Ni nahodha kama wengi wenu, na huu ni mwaka wangu wa nane na maradhi haya. Mengine nitakayosema nimefundishwa na matabibu, na mengine nimefundishwa kwa kuanguka.

Kwanza nitawaeleza habari ya kuanguka. Nilikuwa nikimeza vidonge viwili kila siku, kimoja cha kulegeza mishipa na kimoja cha kutoa maji. Siku moja nilikwenda kuchukua dawa nikapewa pakiti mpya. Aliyenipa hakunieleza, nami sikuuliza. Nikadhani nimeongezewa dawa ya tatu. Basi nikameza ile mpya pamoja na zile za zamani. Siku ya tatu tulitoka alfajiri kwenda miambani kutafuta kamba. Adhuhuri, jua kali, nikasimama ghafula kushika kamba ya tanga, macho yakaingia giza. Vijana wangu walinidaka shati nikiwa nusu ndani ya chombo na nusu nje. Wasingekuwa wepesi, leo mngekuwa mnanisomea hitima.

Tabibu aliponiona alizipanga pakiti zangu mezani, akanionyesha: kidonge kipya kilikuwa na zile dawa zangu mbili ndani yake. Nilikuwa nikimeza kila dawa mara mbili. Dawa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kutojua kilichomo.

Ndugu zangu, huenda mtu akauliza: ya nini basi kuchanganya dawa? Jibu ni hili. Chombo hakiendi kwa tanga peke yake. Chataka na usukani. Na presha hupanda kwa njia zaidi ya moja. Mishipa hukaza, na mwili huzuia chumvi na maji. Amlodipini hulegeza mishipa. Haidroklorothiazaidi hutoa chumvi na maji kwa mkojo. Losatani na enalaprili huzuia amri za mwili zinazokaza mishipa. Wagonjwa wengi hawapati nafuu ya kutosha kwa dawa moja, na dawa mbili kwa kipimo kidogo mara nyingi hushusha presha vizuri kuliko dawa moja iliyoongezwa sana, tena kwa madhara machache.

Haya yamepimwa kwa watu wetu wenyewe. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Wagonjwa 728 waligawanywa mafungu matatu, kila fungu likapewa dawa mbili pamoja. Mafungu mawili yaliyopata amlodipini yalishuka presha zaidi kuliko lile lisiloipata. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliviingiza vidonge vya namna hii katika orodha yake ya dawa za lazima. Kwetu sisi tunaolala baharini, kidonge kimoja ni rahisi kukumbuka kuliko viwili au vitatu.

Lakini usalama una masharti yake. Nawaomba myashike haya:

1. Kila upewapo pakiti mpya, uliza: ndani mna dawa gani, na ipi ya zamani niache? Jina la kiwanda lililo juu ya pakiti hubadilika, lakini dawa yaweza kuwa ileile. Nenda na pakiti zako zote, usitegemee kumbukumbu.

2. Usimeze dawa ya jirani. Yake yaweza kuwa enalaprili, na yako losatani. Hizo mbili hazichanganywi. Pamoja huweza kudhuru figo na kupandisha potasiamu katika damu. Kwa ajili hiyo daktari hutaka damu ipimwe mtu anapoanza dawa hizi.

3. Jihadharini na dawa za maumivu. Kazi yetu ni ya mgongo, na wengi hununua diklofenaki au ibuprofeni dukani. Hizo hupandisha presha, na zikikutana na dawa ya kutoa maji pamoja na losatani au enalaprili, figo huweza kuharibika. Mwulize tabibu dawa iliyo salama zaidi kwako.

4. Mama mwenye mimba, au anayetazamia kushika mimba, asitumie losatani wala enalaprili. Amwone tabibu upesi abadilishiwe.

5. Ukiendesha au kutapika sana, au jua likikukausha hata ukaona kizunguzungu, tafuta shauri la tabibu siku hiyohiyo juu ya dawa zako. Ukiinuka, inuka polepole. Midomo au ulimi ukivimba, au upande mmoja wa mwili ukilegea, usingoje kupambazuke. Tafuta chombo ukimbizwe hospitali.

6. Ukisahau dawa leo, kesho usimeze maradufu. Na usiache kwa kuwa unajiona mzima. Presha haiumi mpaka siku ya kuangusha. Kabla ya Ramadhani mwone tabibu akupangie saa, kama ni futari au daku, usijipangie mwenyewe.

7. Hesabu vidonge kama unavyohesabu maji ya kunywa kabla ya safari. Wakati wa kusi bahari huchafuka, na kufika Faza au Lamu si jambo la kutaka tu. Weka akiba ya siku kadhaa, ndani ya chupa isiyoingia maji.

Sasa nasema juu ya Chama. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu robo ya watu wazima wa Kenya walikuwa na presha, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja. Kwa hiyo naiomba kamati inunue kipimo kimoja cha presha, kikae hapa, na wanachama wawili wafundishwe kukitumia: mtu akae kimya dakika tano kwanza, bila sigara, kahawa wala miraa kwa nusu saa. Akionekana kufika 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara, aende kwa tabibu.

Na wenzetu walioajiriwa katika nyumba za wageni wajue haki yao. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi aliyetumika miezi miwili mfululizo, akiwa na cheti cha daktari, ana haki ya ruhusa ya ugonjwa kila mwaka isiyopungua siku saba kwa mshahara kamili na siku saba kwa nusu mshahara. Mtu asifiche maradhi yake kwa hofu ya kukatwa ujira.

Ndugu zangu, nahodha hapakii mzigo asioujua. Kidonge nacho ni mzigo. Kabla hujakipakia, jua kilichomo.