Viti Vitatu Kati ya Tisa: Hotuba ya Kamati kwa Wanachama wa Tawi

Kwa waliokosa kikao cha Jumapili, haya ndiyo tuliyosema.

Kamati yetu ina watu tisa. Mwanamke ni mmoja tu, naye tumemwachia kuandika kumbukumbu na kupanga chai. Kosa ni letu.

Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinataka vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa visiwe na zaidi ya thuluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Bodi za mashirika ya umma zimo. Bunge lilishindwa kupitisha sheria ya kutekeleza hilo, hata Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Tulipiga kelele sana wakati ule, ila viti vyetu wenyewe hatukuvihesabu.

Wengine huuliza, "Wanawake wenye uwezo wako wapi?" Norway nako waliuliza hivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika bodi za kampuni kubwa za hisa huko, wanawake hawakufika mmoja kwa kila kumi. Sheria ya 2003 ikataka angalau asilimia 40. Kampuni zilipewa kwanza nafasi ya kutimiza kwa hiari, hazikutimiza. Mwaka 2006 ikawa lazima, na kampuni itakayokaidi ingeweza kuvunjwa. Kufikia 2008 wanawake walikuwa takriban asilimia 40. Hawakuzaliwa ndani ya miaka miwili hiyo. Walikuwapo, hawakutafutwa.

Kwa hiyo, kabla ya uchaguzi wa tawi, tunawaomba mpitishe haya:

1. Viti vitatu kati ya tisa viwe vya wanawake, na kimoja kiwe cha mwenyekiti au mweka hazina.
2. Kiti kisipopata mgombea kikae wazi. Asipewe mwanamume "kwa muda".
3. Vikao vya saa mbili usiku vikome. Tukutane Jumamosi saa nane mchana.

Maana yake ni kwamba wanaume wawili tulio kamatini hatutarudi. Tumelizungumza, na haikuwa rahisi.

Kina mama, chukueni fomu. Kina baba, mkiombwa sahihi ya kumpendekeza mama, msimuulize kwanza kama mumewe anajua.

Kamati ya Tawi