Faili Yafika Shenzhen, Fundi Asubiri Kibali

Kijana wa Dzaleka akimaliza kuchora saketi kwenye kompyuta jioni hii, mchoro wake unaweza kufika kiwandani Shenzhen, China, kabla hajala chakula cha usiku. Yeye mwenyewe akitaka kufika Lilongwe, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, sheria inamtaka kwanza apate kibali cha kutoka kambini. Kati ya safari hizo mbili ndipo kazi ya mafundi wa elektroniki inapokwama, na ndipo maoni yetu ya leo yanapotua.

Dzaleka, wilayani Dowa, Malawi, ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994 ikageuzwa kambi ya wakimbizi. Iliandaliwa kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo inabeba zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni. Hapo hapo vijana wamejifunza kuandika programu za kompyuta, wengine kupitia TakenoLAB, iliyoanzishwa na mkimbizi mwenzao, Remy Gakwaya. Programu ina nafuu yake: ukiwa na kompyuta, umeme na intaneti, kazi inatoka. Elektroniki haiendi hivyo. Inataka waya, risasi ya kulehemu, vipande vya kupachika, na bodi ya kuvipachikia.

Tuitazame hiyo bodi. Fundi huichora kwa KiCad, programu ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992. Akimaliza, anapata fungu la mafaili: moja la shaba ya juu, moja la shaba ya chini, jingine la matundu, jingine la maandishi. Viwanda vya China kama JLCPCB hutangaza bei ya kuvutia wateja: dola 2 kwa bodi 5 ndogo, zisizozidi sentimita 10 kwa 10. Bei hiyo inadanganya macho. Usafiri wa ndege unaweza kuwa mara kadhaa ya bei ya bodi zenyewe, na forodha nayo inangoja. Tena, Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi iliposhusha thamani ya kwacha, dola ilipanda kutoka kwacha 1,180 hadi 1,700. Zile dola 2 zikaruka kutoka kwacha 2,360 hadi 3,400, na hapo ni kwa aliyebahatika kuzipata.

Iko njia ya kujitengenezea. Mchoro unachapishwa kwa printa ya leza kwenye karatasi inayong'aa, unalazwa juu ya kipande cha bodi chenye shaba, unapigwa pasi hadi wino uhamie. Bodi inazamishwa kwenye dawa ya rangi ya kahawia, ambayo ikidondokea shati, shati halifai tena. Shaba iliyo wazi inaliwa. Iliyofunikwa na wino inabaki kuwa njia za umeme. Kisha matundu yanatobolewa, mengi yakiwa ya chini ya milimita moja.

Lakini printa inataka umeme, na pasi vilevile. Januari 2022 tufani Ana iliharibu bwawa la Kapichira, na Malawi ikapoteza karibu theluthi ya umeme wa gridi kwa mkupuo. Anayetaka kutengeneza kidhibiti cha kuchajia betri ya sola ndiye huyo huyo asiye na uhakika wa pasi kupata moto.

Vipaji havikosekani. William Kamkwamba, aliyezaliwa Dowa hiyo hiyo na kukulia Wimbe, Kasungu, aliacha shule kwa kukosa karo wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002, akajenga kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli na mbao. Ili nyumba isiungue, alibuni kikata umeme chake kwa misumari iliyozungushiwa waya wa shaba na sumaku.

Wala vyumba vya kufanyia kazi havikosekani. Lilongwe ilipata mHub, kituo cha ubunifu wa teknolojia, mwaka 2013, chini ya Rachel Sibande. Januari 2020 UNICEF ikafungua jijini humo chuo cha droni na data, na kati ya wanafunzi 26 wa kundi la kwanza wakawamo waliotoka nchi nyingine za Afrika kuja kusoma kwa wiki 12. Wageni walivuka mipaka kuja Lilongwe kujifunza droni. Wa Dzaleka, jirani kabisa, anahitaji karatasi.

Karatasi hiyo ina historia. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, iliweka masharti yake kuhusu ajira na uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 ikaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini. Uganda ilikwenda kwingine: sheria yake ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp kikundi cha CC4D hukutanisha mafundi na majirani wakatengeneza redio, simu na taa za sola pamoja.

Serikali ina hoja: wafanyabiashara wazawa wanalalamikia ushindani. Ila bodi iliyochorwa Dzaleka haimfungii mtu duka. Mafundi wa Dzaleka na wa Lilongwe wanaweza kuanza na oda ya pamoja: michoro kumi, sanduku moja, nauli moja, foleni moja ya forodha, anwani ya chumba kimoja Lilongwe. Na kwa kuwa kiwanda hakitoi chini ya bodi 5 na mchoraji anahitaji 1 ya kujaribia, zile 4 ziende kwa wengine pamoja na mchoro, wa Lilongwe arekebishe kosa la wa Dzaleka na wa Dzaleka arekebishe la wa Lilongwe.

Hayo hayahitaji sheria mpya wala mfadhili mkubwa. Yanahitaji Idara ya Wakimbizi itangaze kibali cha fundi kinachotumika kwa miezi kadhaa badala ya safari moja, na iseme wazi: ombi likiwasilishwa Jumatatu, jibu litatoka siku gani?