Kifuta Jasho na Daftari la Mkulima



Mboga itakayopikwa usiku huu katika nyumba nyingi za hapa Mwananyamala, mchicha au matembele, ilikatwa alfajiri katika matuta ya Bonde la Msimbazi, jijini Dar es Salaam. Aliyeikata hana hati ya ardhi. Tuta amelikodi kwa maneno ya mdomo, na masika yakizidi mto hulifunika. Swali langu ni hili: janga likija, serikali ikaamua kuwafuta jasho wakulima, mtu huyu ataonekana katika daftari gani?

Tuukumbuke mwaka 2020, UVIKO-19 ilipoingia. Shule zilifungwa kuanzia Machi 17, na vyuo havikufunguliwa hadi Juni 1. Hakuna aliyekatazwa kulima. Lakini mama lishe wa getini kwa shule alikosa wateja, hakununua mboga, na mchicha ukishakomaa haungoji mtu. Hasara ya namna hiyo haina risiti.

Mei 23, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa shilingi za Kenya bilioni 53.7 wa kuinua uchumi. Bilioni 3 zilikuwa za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000, kwa vocha za kielektroniki, na bilioni 1.5 za kuwasaidia wazalishaji wa maua, mboga na matunda kuyafikia masoko ya nje. Marekani, mwaka huohuo, ilitenga dola bilioni 16 za kuwalipa wakulima moja kwa moja kwa kufuata wingi wa mazao na mifugo. Mwenye vingi akapata vingi. Kote huko fedha zilifuata maandishi.

Hapa kwetu, mkopo wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3, ambao mpango wake ulizinduliwa Dodoma Oktoba 10, 2021, ulijenga madarasa 15,000. Nayaheshimu madarasa hayo. Darasa lina ramani, lina kiwanja, linahesabika. Tuta la mchicha leo lipo, kesho limezama.

Hata hivyo njia tunayo. Bei ya mbolea ilipopaa, ruzuku ilizinduliwa Mbeya, Agosti 8, 2022. Mkulima aliandikishwa, akapewa namba yake, akanunua mfuko wa DAP wa kilo 50 kwa shilingi 70,000 badala ya takriban 131,000. Tatizo ni kwamba daftari lile lilifikiria ekari, na mkulima wa bondeni hupima kwa hatua za mguu.

Sheria zetu pia zinalijua neno kifuta jasho: tembo akila shamba, hasara hukaguliwa palepale, kisha mwenye shamba hulipwa. Mazao yaliyoliwa ndiyo ushahidi. Basi bondeni nako, jirani wa tuta awe shahidi. Mwenyekiti wa mtaa na mjumbe waandike kila msimu nani analima wapi, na majina yasomwe katika mkutano wa hadhara. Jina hewa haliwezi kupita mbele ya watu wanaojuana.

Najua hofu iliyopo. Wengi wa bondeni huikimbia kalamu, kwa kuwa wino waliouzoea ni wa alama ya X ukutani, inayomwambia mtu ahame. Kwa hiyo daftari hili lisimpe mtu umiliki wa bonde, wala lisitumike kumfukuza. Liseme jambo moja tu: mtu huyu analima, na jiji linakula jasho lake. Bila ahadi hiyo, atakayeshuka na kalamu atakuta matuta matupu.

Wenyeviti wa mitaa mliopo, orodha inayotafutwa wakati wa msiba huandikwa na wenye haraka, nao huandika wanaowajua. Msingoje msiba. Kabla ya masika, shukeni bondeni alfajiri, wakati mboga inakatwa, muwakute wenyewe.