Karani na Ruzuku ya Kaya Maskini
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kilosa)



Nimetakiwa niseme juu ya ruzuku itolewayo na Serikali kwa kaya maskini kwa njia ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF. Wengi wetu husema, "Hilo si letu, sisi tuna mshahara." Sikubali. Fedha ile hupita katika karatasi kabla ya kufika mkononi mwa mtu, na karatasi ni kazi yetu.

Mfuko huo ulianzishwa mwaka 2000, na mpango wa kunusuru kaya maskini ukazinduliwa 2012. Hapo mwanzo kaya ilipewa shilingi 10,000 kwa mwezi, na 4,000 zaidi ikiwa ina watoto, na 2,000 kwa kila mtoto aliyehudhuria shule ya msingi. Viwango vimebadilishwa baadaye, lakini hesabu yake yafaa kujulikana. Mama mwenye wanafunzi wawili alipata 18,000. Na kwa kuwa hulipwa za miezi miwili pamoja, alishika 36,000. Zigawe kwa siku sitini: ni shilingi 600 kwa siku. Asiyefanya hesabu hii hujiona tajiri siku ya malipo, na juma la tatu yuko dukani anakopa. Mwenye busara hununua kwanza daftari, chumvi na sabuni, pengine na kuku mmoja wa kufuga, kisha hutia kidogo katika kikundi cha akiba, ambacho kasha lake lina kufuli tatu na funguo zake huwekwa na watu watatu mbalimbali.

Sharti ni kwamba mtoto ahudhurie siku 80 katika kila 100 za masomo, na mchanga apelekwe kliniki. Sharti lisipotimizwa, ruzuku hupunguzwa. Hapa ndipo kalamu yetu iwezapo kumdhuru mtu. Mtoto amehamia shule nyingine, jina lake limebaki katika daftari la zamani. Basi mama hukatwa fedha ilhali mwanawe yuko darasani. Hajui kosa lake; ajua tu kwamba zimepungua. Au kitambulisho chasema Zuhura na orodha yasema Zuhra, naye hurudishwa nyumbani mikono mitupu kwa ajili ya herufi moja.

Kuna na hili. Fomu ya kupima umaskini huuliza habari za nyumba, vyombo na idadi ya watu. Haioni kwamba juzi tembo wametoka mbugani Mikumi wakamaliza mahindi ya bibi kizee alezaye wajukuu. Neno hilo hapana budi lisemwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambapo majina hutajwa na kuthibitishwa. Kadhalika hapa Kilosa twakumbuka Mkondoa ulivyofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010: watu walihama, na karatasi haziogelei. Ahamaye na atoe taarifa upesi kule atokako na kule aendako.

Naomba, basi, kila siku ya malipo makarani wawili wakae karibu baada ya kazi, wawasomee watu karatasi zao, wawaandikie malalamiko, na nakala moja ibaki kwa mwenyewe. Wala asipokee mtu hata yai.

Daftari la kujiandikisha liko mezani kwa Bwana Katibu. Wa Mikumi waandike kwanza, maana gari la jioni haliwangoji.