Vitamini za Kidonge na Saratani ya Utumbo Mpana

Saratani ya utumbo mpana haizuki ghafla. Mara nyingi huanza na kinyama kidogo kwenye ukuta wa ndani wa utumbo, kiitwacho polipu, ambacho huchukua miaka kumi hivi, pengine zaidi, kabla ya kugeuka saratani. Muda huo mrefu ndio uliowapa watafiti matumaini. Kwa kuwa walaji wazuri wa mboga na matunda walionekana kuugua kwa nadra, ilidhaniwa kwamba vitamini zilizomo zikitiwa kwenye kidonge zitauzima ugonjwa mapema.

Dhana hiyo ilipimwa, nayo haikusimama. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani lililoandikisha watu 864 waliokwisha kutolewa polipu. Wapo waliopewa beta-karotini, wengine vitamini C na E, kwa miaka minne. Polipu ziliota upya kwao sawa na kwa waliomeza vidonge visivyo na dawa. Mwaka huohuo Finland ilitoa habari nzito zaidi: kati ya wanaume wavutaji sigara 29,133, waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi.

Asidi ya foliki ndiyo yenye funzo kubwa kwa mfamasia. Katika jaribio la watu 1,021 lililochapishwa mwaka 2007, miligramu moja kwa siku haikuzuia polipu, na kadiri miaka ilivyosonga dalili zilielekea upande wa madhara: polipu nyingi kwa mtu mmoja, na zilizokomaa zaidi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba foliki husaidia seli kutengeneza DNA ili zigawanyike, na seli iliyokwisha kupotoka nayo hunufaika. Hili lisimfanye yeyote amnyime mjamzito foliki yake, kwani humkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo.

Kalsiamu pamoja na vitamini D, kwa wanawake 36,282 wa Marekani waliofuatiliwa miaka saba, hazikupunguza saratani hii.

Chakula chenyewe kina habari nyingine. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliona kwamba maradhi ya utumbo yaliyojaa Uingereza yalikuwa adimu kwa Waafrika waliokula vyakula visivyokobolewa. Mwaka 1971 aliandika kuhusu nyuzinyuzi. Leo inajulikana kwamba bakteria wa utumboni huzichachusha nyuzinyuzi za maharage, dona na mboga na kutoa butireti, inayolisha seli za ukuta wa utumbo. Chupa ya multivitamini haina kitu hicho.

Mafunzo haya yanawahusu wahitimu wa famasia, watakaohudumia wateja kwenye dirisha la dawa. Mteja atakayesema anaona damu chooni asiuziwe vitamini, wala asiambiwe ni bawasiri kabla ya kupimwa. Aelekezwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu polipu ikionekana kwa kamera mapema hukatwa, ili saratani isitokee.