Mwisho wa Ukingo wa Barabara

Kusimama nje ya jengo la kikundi cha dini kinacholalamikiwa, bango mkononi na bila kumgusa mtu, ni haki inayotambuliwa na sheria za nchi nyingi. Ni haki pia ambayo watu wengi huiharibu ndani ya dakika tano. Kinachoiharibu ni kilekile kila mara: hasira waliyotengewa viongozi humwangukia asiyehusika. Huyo anaweza kuwa mhudumu wa mapokezi, bibi aliyekuja kusali au jirani mwenye duka. Maandamano ya mwaka 2008 dhidi ya Kanisa la Scientology yanalionyesha hili vizuri, kwa ubaya wake na kwa uzuri wake.

Kanisa hilo lilianzishwa Marekani miaka ya 1950 na L. Ron Hubbard, mtunzi wa hadithi za kubuni za kisayansi. Tangu 1993 Marekani imelisamehe kodi kama taasisi ya dini. Uingereza, tume inayosimamia mashirika ya hisani ililikatalia hadhi ya shirika la hisani mwaka 1999. Baadhi ya waliojitoa hulishutumu kwa kuwatoza waumini fedha nyingi, kuwatenga na ndugu zao na kuwaandama wakosoaji. Kanisa linakanusha. Mabishano hayo ni marefu, na makala hii inabaki nje ya mlango.

Januari 2008 ilivuja video ya mwigizaji Tom Cruise akiisifu imani yake kwa shauku kubwa. Kanisa lilitaka iondolewe kwenye intaneti kwa madai ya hakimiliki. Kundi la mtandaoni lililojiita Anonymous, lisilo na kiongozi wala ofisi, liliona huko ni kuzibwa midomo, likatangaza vita. Lilianza vibaya. Tovuti za kanisa zilimiminiwa maombi mengi kwa wakati mmoja mpaka zikakwama. Ofisi zilipigiwa simu za mzaha, zikatumiwa faksi za karatasi nyeusi tititi ili wino uishe. Sasa, simu ya ofisi haipokelewi na mkuu wa kanisa, hupokelewa na aliyepangwa zamu siku hiyo. Shambulio moja la kompyuta lilipotea njia kabisa, likaipiga tovuti ya shule ya sekondari ya mji wa Deventer, Uholanzi. Huko California, mume na mke wasiojua lolote walisumbuliwa kwa simu za vitisho kwa sababu wadukuzi fulani walimdhania mume kuwa adui yao. Mwanafunzi wa Deventer alikuwa na kosa gani?

Aliyewazindua vijana wa Anonymous ni Mark Bunker, mkosoaji wa Scientology wa miaka mingi. Alijirekodi video akawaambia waache uhalifu, watii sheria, na nguvu zao wazielekeze kwenye suala la msamaha wa kodi. Kwa kawaida vijana wa mtandaoni hawaambiliki. Safari hii walisikia, wakambatiza jina la mzee mwenye ndevu na hekima.

Maandamano yakapangwa tarehe 10 Februari 2008. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Lisa McPherson, muumini aliyefariki Florida mwaka 1995 baada ya kuwa chini ya uangalizi wa kanisa. Mashtaka ya jinai dhidi ya kanisa yalifutwa mwaka 2000. Kabla ya siku hiyo ilisambazwa video ya kanuni, na kanuni zake zingefaa kubandikwa ukutani. Silaha marufuku, pombe marufuku, hata ile ya kunywa nyumbani kabla ya kutoka. Kuchora kuta marufuku. Bango liandikwe kwa herufi kubwa zinazosomeka. Kila mtu aje na maji na viatu vya kusimama muda mrefu. Kanuni yenye uzito kuliko zote ilikuwa ya mahali pa kusimama: ng'ambo ya barabara, jengo likiwa upande wa pili, na pasipo na barabara kitafutwe kizuizi kingine. Barabara ikiwa katikati, hata mwenye hasira kali hawezi kumshika muumini shati.

Maelfu ya watu walijitokeza katika miji mingi ya dunia. Wengi walivaa kinyago cheupe cha Guy Fawkes, chenye masharubu na tabasamu, kilichopata umaarufu kwa filamu ya V for Vendetta. Kwenye baadhi ya miji walipiga wimbo wa Rick Astley kwa sauti ya juu, kwa kuwa ndio uliokuwa utani wa mtandaoni wa wakati huo. New York ilikuwa na sheria ya mwaka 1845 inayokataza mikusanyiko ya watu waliofunika nyuso, kwa hiyo huko kinyago kilikuwa na hatari yake.

Ulimi nao una mipaka yake. London, tarehe 10 Mei 2008, mvulana wa miaka 15 alisimama nje ya jengo la kanisa hilo katika mtaa wa Queen Victoria. Bango lake lilisema Scientology si dini bali ni dhehebu potovu la hatari. Polisi walimtaka alishushe. Alikataa, akawatajia hukumu ya mwaka 1984 ambamo jaji wa Mahakama Kuu alikuwa ameshatumia maneno makali ya aina hiyo. Alipewa hati ya kuitwa mahakamani chini ya sheria ya mwaka 1986 iliyofanya maneno ya kutusi kuwa kosa. Haikuchukua hata wiki mbili, waendesha mashtaka wakaliacha shauri hilo. Neno "kutusi" lenyewe liliondolewa katika kifungu hicho mwaka 2014. Bango la mvulana yule lililenga taasisi. Halikumtaja muumini yeyote.

Hapo ndipo wengi hujikwaa, na siku hizi hujikwaa kwa simu. Mtu anasimama mlangoni, anamrekodi kila anayeingia, mama na watoto wake wakiwemo, kabla ya jioni nyuso zao ziko kwenye makundi ya WhatsApp na matusi chini yake. Huko ni kuwinda watu, na jina la maandamano halikusafishi. Tena muumini aliyezomewa kwa jina lake habaki na shaka aliyokuja nayo moyoni. Hukimbilia ndani na kumkumbatia kiongozi yuleyule anayelalamikiwa.

Kuziba mlango ni kosa la wazi zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inakataza kutumia nguvu, vitisho au kuzuia njia ili kumkwaza mtu anayekwenda kuabudu. Kenya na Tanzania, sheria za adhabu zilizorithiwa kutoka kwa Waingereza zinahesabu kuvuruga ibada kuwa jinai. Anayedhani kipaza sauti kilichoelekezwa dirishani wakati wa sala ni uhuru wa maoni anakosea.

Idadi ya waandamanaji wa mwaka 2008 ilipungua kadiri miezi ilivyopita. Vijana wawili wa Marekani walifungwa kwa mambo ya mwaka ule, mmoja akihukumiwa mwaka 2009 na mwingine 2010, kila mmoja kifungo cha takriban mwaka. Kosa lao lilikuwa lile shambulio la Januari dhidi ya tovuti, kabla ya mtu yeyote kushika bango.