Ugonjwa Nao Huugua: Hotuba Juu ya Afya ya Mibuni



Katika kuadhimisha mwaka wa kumi wa Chama Kikuu chetu, tumeombwa tuseme machache juu ya afya ya mibuni. Tumechagua jambo lililo geni masikioni mwa wengi, nalo ni kwamba ugonjwa wenyewe nao huweza kuugua.

Hasara ya chulebuni twaijua sote. Ugonjwa huu, ulioonekana mara ya kwanza magharibi ya Kenya mwaka 1922, na hapa Tanzania mwaka 1964, huletwa na kuvu ishambuliayo buni zingali changa. Mvua zikizidi, mkulima asiyejikinga huweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno yake.

Sasa sikilizeni habari ya kuvu nyingine. Mwaka 1904 huko New York, Marekani, ilionekana kuvu iuayo miti ya chestnut, izaayo kokwa za kuliwa. Kwa muda wa nusu karne ikaangamiza mabilioni ya miti. Mwaka 1938 ikaonekana Italia. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu Mwitalia, Antonio Biraghi, aliona miti ambayo vidonda vyake vilikuwa vikipona vyenyewe. Katika miaka ya 1960 Mfaransa Jean Grente akaonyesha kuwa kuvu ya vidonda vile imedhoofika, na ikipakwa penye kidonda kibichi, huiambukiza kuvu kali udhaifu wake. Baadaye ikajulikana kwamba kiletacho udhaifu huo ni virusi, ambavyo hupita kutoka kuvu hadi kuvu nyuzi zake ziunganapo.

Mbona dawa hiyo ilifaa Ulaya, isienee Marekani? Nyuzi za kuvu huungana vema na zile za jamii ipatanayo nazo tu. Penye jamii chache, kama sehemu nyingi za Ulaya, virusi husafiri. Penye jamii nyingi, kama Marekani, hukwama njiani.

Ndugu zetu, tusidanganyane. Virusi vya namna hiyo havijawa dawa ya chulebuni. Mtu akiwaletea chupa akidai anaviuza, msitoe fedha kabla ya kumwuliza Bwana Shamba. Kinga yetu ni kupogoa ili hewa ipite, kuondoa buni zilizougua, kupiga dawa ya shaba kwa wakati, na kupanda miche ya aina zistahimilizo, zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, yenye kituo Mwayaya, mkoani mwetu Kigoma.

Hata hivyo, liko la kujifunza. Biraghi aliutazama mti uliopona, wakati wengine waliitazama iliyokufa. Basi mkiona mbuni mmoja umebaki mzima kati ya mingi iliyougua, msiukate. Utieni alama, mkatoe habari chamani. Wala asiwepo mwanachama wa kuliacha shamba lake porini, maana shamba moja likiachwa, jirani ndiye alipaye.